Bi Daraja, mpima marubani wa ndege za rimoti aliyemfelisha kaka yake

Saa moja asubuhi. Nyasi bado zina umande, na fundi cherehani amesimama nyuma ya mstari wa chokaa, ameikumbatia rimoti kifuani kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenzake. Ndege yake, nyeupe yenye mkia wa buluu, inavuma juu ya uwanja kama nyuki mkubwa. Nusu hatua nyuma ya bega lake amesimama mwanamke mwembamba mwenye kofia ya kitambaa, mikono kaifunga mgongoni. Haitazami ndege. Anatazama viatu vya fundi.

Ndege inakwenda hadi mwisho wa uwanja, inageuka vizuri, inaanza kurudi. Hapo visigino vya fundi vinanyanyuka. Anasukuma kijiti cha rimoti kushoto. Ndege inalalia upande asioukusudia na kuelekea kwenye uzio. Anasukuma tena kushoto, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayebishana na mlango.

“Achia,” mwanamke anamwambia, bila kupaza sauti.

Fundi anaachia vijiti. Ndege inajinyoosha, inaponea chupuchupu juu ya uzio, na baada ya mizunguko michache ya kumtoa jasho inashuka kwenye nyasi na kupinduka chali. Fundi anaikimbilia. Anarudi nayo kwapani, propela imekatika, na kabla hajaulizwa anasema kosa ni la jua, limempiga machoni.

“Jua lipo,” mwanamke anakubali. “Ila jua halisukumi kijiti. Bado, ndugu yangu. Endelea kurusha ukiwa na mtu pembeni, kisha urudi.”

Fundi haagi. Anaifunga ndege nyuma ya pikipiki yake na kuondoka.

“Nimezoea kununiwa,” mwanamke anasema huku akiokota kipande cha propela. “Kazi yangu ni kumwambia mtu mzima, mbele za watu, kwamba hajui kile anachodhani anakijua. Ungekuwa wewe usingenuna?”

Hapa uwanjani hakuna anayemwita jina alilopewa na wazazi wake. Anaitwa Bi Daraja. Ameajiriwa na chama cha warusha ndege za rimoti, na kazi zake ni kufungua geti, kukata nyasi, kupaka chokaa mstari ambao watazamaji hawaruhusiwi kuuvuka, na kuzitengeneza ndege zilizoanguka, ndani ya kontena kuukuu linalonuka gundi. Juu ya hayo yote, huwapima marubani. Hilo la mwisho ndilo lililompa jina, ingawa mshahara wake umebaki ule wa mfungua geti. “Wakiniita mtahini, usidhani nakula kama mtahini,” anasema.

Uwanja wenyewe ni kipande cha ardhi nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa. Upande mmoja kuna barabara, upande wa pili nyumba za watu zenye nguo kwenye kamba. Mgeni akiona watu wazima wamesimama wakiangalia juu, hudhani wanacheza. Bi Daraja hamlaumu. Humpeleka tu kwenye kontena, akamwekea mikononi ndege kubwa kuliko zote, akamwacha auonje uzito wake. Ni uzito wa mtoto anayetambaa. Propela yake ikizunguka haionekani, na mkono ukiingia hapo hautoki ulivyoingia.

Ndiyo maana kila rimoti hapa hubandikwa alama. Ya njano ni ya daraja la kwanza: mwenye nayo anaweza kupaa, kuzunguka na kutua, lakini asirushe bila mtu wa kusimama naye. Ya buluu ni ya daraja la pili. Huyo huchora nane angani, huimudu ndege upepo ukipiga ubavuni, na anaachwa peke yake. Nyekundu ni ya daraja la tatu, wale wanaorusha ndege kubwa siku za maonyesho, watu wamejaa. Kwa hao Bi Daraja huwa na tabia moja mbaya. Katikati ya mzunguko hunong’ona, “Injini imezima,” na rubani analazimika kuishusha ndege bila moto, popote ilipo, salama.

Kabla ya mtihani huwauliza wote swali lilelile: wewe mwenyewe unajipa daraja gani? Anasema wanaojipa la tatu wengi wao huishia njano, na anayesita sana mara nyingi ni wa buluu. Kisha husimama nyuma yao na kuangalia miguu, mabega, taya.

“Ndege inakudanganya,” anaeleza. “Siku hakuna upepo, yeyote anaonekana fundi. Mwili haudanganyi. Mgeni hushtuka ndege ikishakosea. Aliyeiva, ndege ikianza tu kukosea, kidole chake kimeshafika.”

Na wengi huanguka palepale alipoanguka fundi cherehani, wakati ndege inaporudi. Ikikuacha na kwenda, kulia kwake ni kulia kwako. Ikikugeukia uso kwa uso, mikono inabadilishana. Unachokiona kushoto, kwake ni kulia. Mtu mwenye akili zake timamu, msomi na asiye msomi, huvurugikiwa hapo kama aliyezungushwa amefungwa kitambaa machoni. Dawa yake ni mazoezi mpaka mkono ujue wenyewe bila kuuliza kichwa.

Bi Daraja alifundishwa hilo na kaka yake, na kwa miguu. Walikuwa bado vijana, ndege yao ni moja, ya mbao za masanduku, na kaka hakutaka ivunjike. Alimsimamisha dada yake katikati ya kiwanja, akaenda mbali, akatanua mikono na kuanza kumjia akiinama upande huu na upande ule, akivuma kwa mdomo. Kila akiinama, dada alitakiwa kusema mkono gani. Wapita njia walisimama kuwacheka. “Weka kijiti chini ya bawa linaloanguka,” kaka alimwambia, “kama unavyomwekea mgonjwa mto.” Hakuwahi kuusahau mto ule.

Kaka huyo ndiye watu wa uwanjani wanayemwita Rubani. Alikuwa fundi redio. Rimoti ya kwanza kuonekana hapa aliiunda mwenyewe kwa vipuri vya redio zilizokufa, dada akimshikia taa na risasi ya kulehemu. Ni yeye aliyekwenda kwa wenye kiwanda kuomba ardhi hii, akang’oa visiki, akawavuta wenzake mmoja mmoja mpaka kikawa chama. Wengi wa wanaorusha leo walishikwa mkono na yeye.

Siku hizo hapakuwa na alama. Kila mtu alijipa cheo apendacho, mpaka ndege ya mwanachama mmoja ilipomwangukia mtazamaji na kumvunja bega. Chama kikatafuta mpimaji, na wanachama wakaanza kusukumiana, maana hakuna aliyetaka kugombana na marafiki. Rubani akasimama kikaoni akasema wampe mdogo wake. “Huyo hata mimi nikikosea atanifelisha,” alisema, na watu wakacheka sana.

Mwaka jana, mwanzoni mwa kiangazi, Bi Daraja alikuwa mlangoni mwa kontena akipaka gundi bawa. Kaka yake alikuwa mstarini. Ndege ilikuwa inarudi, jambo ambalo Rubani amelifanya mara zisizohesabika. Bawa likashuka kidogo, na kidole kikaenda upande usio wake. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Alisahihisha, akaendelea, akatua kama kawaida. Hakuna mwingine aliyeona.

Bi Daraja anasema gundi ilimkaukia mkononi.

Alijiambia ni uchovu. Wiki iliyofuata likatokea tena, na safari hii kaka alisahihisha kwa kuchelewa. Akatania kwamba upepo wa siku hizi hauna adabu. Upepo haukuwepo. Dada akaanza kutafuta sababu za kuwa karibu naye akirusha, mara ameleta maji, mara anatafuta bisibisi, na kila akisimama nyuma yake aliona kitu kilekile: mkono uliokuwa unajua wenyewe sasa unauliza kichwa, na kichwa kinakawia kujibu.

Alikwenda nyumbani kwa kaka kuongea na wifi yake. Aliuliza kwa kuzunguka, kwamba kaka analalaje, anakulaje. Wifi akasema ni uzee, nani hazeeki. Baadaye, akimsindikiza getini, akakiri kwamba siku moja mumewe aliuliza kama mama ameshakula. Mama yao alizikwa zamani. Kisha wifi akakaza uso na kumwomba asiende kulitangaza hilo uwanjani.

Hakulitangaza. Ndilo jambo linalomsumbua mpaka leo, ingawa hakuwa na la kusema zaidi ya kwamba bawa lilishuka.

Kilicholitangaza ni ndege yenyewe. Jumamosi moja iligeuka kwenda kwa Rubani, ikalala upande, na badala ya kuinuka ikazidi kulala. Ikauvuka mstari wa chokaa, ikachana turubai la banda la mama anayeuza chai, ikabeba chupa ya chai na kwenda nayo hadi ukutani. Mama Chai alikuwa ameinama kuchota sukari kwenye ndoo. Angekuwa amesimama, makala haya yangekuwa mengine.

Rubani alifika bandani akihema, akaomba radhi, akaahidi kununua turubai jipya. Kisha akasema rimoti imekata mawasiliano. Bi Daraja aliichukua, akaifungua juu ya meza yake, akaijaribu hadi jioni. Ilikuwa nzima.

Kanuni ya chama inasema ndege ikivuka mstari, mwenyewe anapimwa upya, awe nani. Mwenyekiti, mtu mpole anayeuza vipuri vya magari, alimfuata Bi Daraja kwenye kontena na kufunga mlango. Alianza mbali, akasifu nyasi. Mwishowe akasema mzee yule ndiye aliyewaweka wote hapa, na itakuwa aibu kumvua nguo hadharani. Ampime kwa kuonekana tu, ambandikie alama yake nyekundu, halafu wao watamwangalia kwa karibu.

“Nilimuuliza nani atamwangalia,” Bi Daraja anakumbuka. “Ndege ikimwendea mama wa watu, mwenyekiti ataizuia kwa macho?”

Mwenyekiti akafungua mlango, akaondoka. Hakukasirika. Bi Daraja mwenyewe aliomba basi apewe mtu mwingine afanye kazi hiyo, walau kwa siku moja. Aliyekataa ni Rubani. Alisema hawezi kupimwa na watoto aliowafundisha kushika kijiti. Anipime mdogo wangu, alisema, anajua kazi.

Siku ya mtihani watu walikuwa wengi kuliko kawaida, na kila mmoja alijifanya ana shughuli yake. Rubani alikuja amevaa shati lililopigwa pasi. Dada akamuuliza, kama anavyowauliza wote, anajipa daraja gani.

“Hata mimi naulizwa hilo swali?” kaka akatania. Kisha akasema, “La tatu.”

Alipaa vizuri mno. Bi Daraja anasema kupaa kule angekutumia kufundishia. Mabega yametulia, miguu imepandwa ardhini. Mzunguko wa kwanza ndege ilirudi na mkono haukukosea. Dada akaanza kupumua. Anasimulia kwamba alishapanga maneno ya kumwomba radhi kaka yake kwa kumdhania vibaya.

Mzunguko wa pili ndege ilipogeuka, bawa la upande wao wa kushoto likashuka. Kidole kikasukuma kulia. Bawa likazidi kushuka. Kidole kikarudi kati, kikasimama hapo, kikabaki hapo. Ndege ilikuwa inakuja na kushuka, sauti inakua. Kanuni inamkataza mpimaji kusema lolote isipokuwa kuna hatari kwa watu, na ndege ilikuwa bado juu ya nyasi tupu. Ingeanguka, ingeharibika, basi. Hakuna ambaye angeumia.

Kaka yake akageuza shingo kidogo. Hakumtazama usoni.

“Mdogo wangu,” alisema kwa sauti ya chini, “mkono gani?”

“Kushoto, kaka.”

Ndege ikainuka. Wachache waliokuwa karibu hawakusikia kitu. Waliona ndege ikiinuka wakashangilia. Rubani akamalizia mzunguko na kutua, na magurudumu yakagusa nyasi kwa ulaini. Akamgeukia dada yake akitabasamu.

“Daraja gani?”

Bi Daraja anaposimulia hapa huacha kutazama anayezungumza naye. Anasema alifikiri kumwita pembeni, lakini hakuna aliyewahi kuitwa pembeni, na kaka yake angeshajua. Alifikiri kumpa njano. Lakini mwenye njano akiambiwa mkono gani, kesho anaujua. Huyu keshokutwa asingeujua zaidi ya leo.

“Hakuna, kaka,” alimjibu.

“Hakuna la tatu?”

“Hakuna daraja.”

Rubani hakubisha. Aliigeuza rimoti, akaanza kuibandua alama nyekundu kwa ukucha. Ilikuwa ya miaka mingi, imeshikana na plastiki, ikawa inatoka vipande vipande. Watu walisimama wakimwangalia akikwangua. Hakuna aliyethubutu kusogea. Ilipobaki michirizi tu, akaiweka rimoti kwenye boksi, akafungua mabawa ya ndege mwenyewe, akayafunga kwa kamba, akapakia garini. Wifi ndiye aliyeendesha.

Tangu siku hiyo Rubani hakusema na dada yake. Wifi alisema naye mara moja tu, kwa simu. Alisema kaka yake alikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki, na aliyekuja kumnyang’anya ni wa tumbo moja naye. Akakata.

Majibu ya hospitali alikopelekwa yalikuja miezi kadhaa baadaye. Daktari aliuita ugonjwa wa kusahau, akasema ulianza kitambo, na kwamba dawa zitaupunguza mwendo tu. Mtu angedhani majibu yale yangemtakasa Bi Daraja. Hayakubadilisha chochote. Baadhi ya wanachama wakongwe waliacha kuja, wakasema uwanja umekosa utu. Waliobaki humsalimia kwa heshima iliyozidi kidogo. Zamani wakifeli walimtania kwamba ana roho ya jiwe. Sasa hawatanii, na anasema utani ule anaukosa.

Kila Jumapili mchana huenda kwa kaka yake. Mwanzoni wifi alimwacha asimame kibarazani. Siku moja akamfungulia mlango bila kusema kitu, akamwachia kiti, na imekuwa hivyo. Rubani hukaa dirishani. Boksi la ndege liko juu ya kabati, limefunikwa shuka.

Siku nyingine akimwona dada yake hugeuza uso ukutani, na huo ndio mwisho wa maongezi. Siku nyingine humkaribisha kwa bashasha, akamuuliza kama ametoka mbali, akamwambia wifi amletee mgeni chai. Humsimulia kwamba ana mdogo wake wa kike, hodari wa kulehemu, angependa wajuane.

“Watu wakisikia ananichangamkia hunipa hongera,” Bi Daraja anasema. “Hawaelewi. Akinichangamkia najua leo hayupo. Akininunia narudi nyumbani nimefurahi, maana amenitambua na amekumbuka nilichomfanyia.”

Kisha anaongeza kwamba siku za kununiwa zinapungua.

Mchana unasogea na marubani wameondoka mmoja mmoja. Bi Daraja anaingia kwenye kontena, anavuta kutoka chini ya meza rimoti mbili zilizounganishwa kwa waya. Ni chombo cha kufundishia, anaeleza. Mwanafunzi anashika moja, mwalimu ya pili. Mwanafunzi ndiye anayerusha. Akipotea, mwalimu anabonyeza swichi, ndege inahamia mikononi mwake, na ikishatulia anamrudishia. Amekifanyia kazi kwa majuma kadhaa, akaongeza urefu wa waya na kulainisha vijiti, kwa kuwa vidole vya kaka yake siku hizi ni vizito.

Anataka kumleta uwanjani siku ya katikati ya juma, geti limefungwa, hakuna mwanachama wala mtazamaji, Mama Chai yuko nyumbani kwake. Mwenyekiti amekubali kabla hajamaliza kumwomba. Aliyekuwa mgumu ni wifi. Alikataa, akakataa tena, na juma lililopita akamshushia boksi kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi mwenyewe. Sharti lake ni moja, kwamba mumewe asiambiwe kuwa ni mtihani.

Hautakuwa mtihani, Bi Daraja anasema. Hataki hata kusimama nyuma yake. Atasimama ubavuni, kila mtu na rimoti yake, na akiulizwa mkono gani atajibu mara zote atakazoulizwa. Daktari ameonya wasichelewe, kwani vidole navyo vitakuja kusahau. Kinachosubiriwa ni hali ya hewa tu. Upepo wa majira haya unavuma tangu asubuhi.

Mwandishi anamuuliza kama haogopi kwamba siku hiyo kaka yake ataamka na hasira zake, akatae kushuka garini.

Bi Daraja anazungusha waya kwenye kiganja na kuzirudisha rimoti chini ya meza. “Naomba iwe hivyo,” anasema. “Upepo utulie, na yeye aje amenuna. Akinuna nitambembeleza hadi jioni, sina haraka. Nisichotaka ni kuirusha ile ndege na mgeni.”